Mkeka nimeuacha chini ya kitanda

Jumamosi ya kwanza nilikwenda na mkeka begani. Nipo Pune, India, kwa masomo, na jirani yangu wa hosteli alikuwa ameniambia kuna mzee anafundisha yoga bure. Mzee akautazama mkeka, akacheka kidogo, akanionyesha benchi la mbao.

Kumbe tunasoma Yoga Sutra, kitabu cha kale cha yoga cha Patanjali, kwa Kisanskriti. Sutra maana yake uzi. Nyuzi hizo ni 195 au 196, kutegemea toleo, na zinazoeleza mkao wa mwili ni tatu tu. Ya kwanza yasema sthira sukham asanam: mkao uwe thabiti na wa raha. Kwenye benchi lile sikuwa na hiki wala kile.

Iliyonitoa jasho ni sutra ya pili ya kitabu kizima: yogash chitta vritti nirodhah, yaani yoga ni nirodha ya vritti za chitta. Vritti ni mizunguko, sawa. Lakini chitta ni akili, moyo, au nafsi? Sisi kitu tunachokikariri tunakihifadhi kwa moyo, na Patanjali anahesabu kumbukumbu kati ya vritti tano (hata usingizi umo!), basi nikaandika moyo. Nirodha nikaiita "kuzuia." Mzee akaniuliza, ukizuia maji ya mfereji yanakwenda wapi? Nikafuta. Nikaandika "kutuliza," nikafuta tena. Sasa pameandikwa "kutulia," na karatasi imetoboka.

Jumamosi hii tunaingia ya 12. Nimenunua daftari lenye karatasi nzito.