Kandambili Mferejini

Kwetu Mombasa mfereji ni bomba la maji, huu wa bafuni, unaokohoa upepo wiki nzima. Kwa hiyo mjukuu wangu aliposikia kwamba babu yake aliwahi kupita mferejini na meli, aliutazama wa kwetu, mkavu siku ya nne, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

“Babu, meli ilipitaje?”

Ilikuwa 1997. Tulipakia mahindi New Orleans, tunayapeleka Japani. Safari ya kufika Colón, mlangoni mwa Mfereji wa Panama, naiacha. Ilikuwa joto na kungojea. Kazi yangu ilikuwa omo, mbele ya meli, kwenye kamba.

Tulipofika Gatun, kwenye vyumba vya maji vinavyopandisha meli, nahodha wetu, mtu ambaye hata chumvi mezani haikusogezwa bila idhini yake, aliikabidhi meli kwa rubani wa mfereji. Panama hiyo ndiyo sheria: rubani hashauri, anaamuru. Meli ilikuwa na upana wa mita 32, chumba mita 33 na nusu. Vichwa vidogo vya treni ya umeme vilitushika kwa nyaya kulia na kushoto tusije tukajikwaruza ukutani. Wenyewe huviita nyumbu, yule wa punda na farasi, si wa Mara.

Lango likafungwa nyuma yetu.

Nilitarajia mngurumo wa mapampu. Hakuna pampu. Maji hushuka yenyewe kutoka ziwani, hupita mahandaki yaliyomo ndani ya kuta, hutokea sakafuni chini ya meli. Ule ukuta wa kijani uliokuwa ukinitazama kutoka juu ukaanza kuzama. Nikachagua ufa mmoja, nikaukazia macho. Ukafika usoni. Ukafika kifuani. Ukafika magotini, ukapotea, na mahala pake pakawa na majani na mtu anakula ndizi. Maelfu ya tani za chuma na mahindi yamepanda ngazi, na chai yangu kikombeni haijatikisika.

Kando yangu alisimama mmoja wa watu wa kamba wa mfereji, kafanana na ami yangu wa Majengo hata ulimi ukaniponyoka: “Shikamoo.” Akacheka. Kwa Kiingereza cha visiwani akaniambia babu yake alitoka Barbados kuja kuchimba hapa. Weusi walilipwa fedha, Wamarekani weupe dhahabu. Nilipolitafsiri kichwani nikatabasamu, maana kwetu nani halipwi fedha? Yeye hakutabasamu. Mpaka leo sijui alinionaje.

Ngazi tatu, mita 26 juu ya bahari, tukaingia Ziwa Gatun. Serahangi, mkuu wa mabaharia, akaamuru mipira ifunguliwe, tuoshe chumvi meli nzima kwa maji ya ziwa. Nikalamba kiganja. Matamu! Tukayamwaga kama hayana mwenyewe. Upande wa pili tukateremshwa, Pedro Miguel, kisha Miraflores, na Pasifiki nikaiingia nimelala.

Sasa huyu mtoto yuko darasa la tano, hesabu anazipenda. Nilikosea kumwambia kwamba kila meli ikipita, kama lita milioni 200 za maji matamu huishia baharini. Akagawa kwa 20, lita za mtungi mmoja.

“Mitungi milioni 10, Babu! Mmoja walinunua shilingi ngapi?”

Nikamwambia ni mvua, bure. Ingawa 2023 mvua iligoma huko, na meli zikapanga foleni kama sisi na mitungi yetu. Hakuridhika. Basi nikachukua beseni, ubao wa kukatia mboga ukawa lango, kandambili yake ikawa meli, nikamimina polepole kutoka kwenye mtungi tulioletewa asubuhi na mkokoteni. Kandambili ikapanda. Mtoto akanyamaza, akaukazia macho ukingo wa beseni. Ubao ukateleza.

Binti yangu akatokea mlangoni. Akaitazama sakafu, akautazama mtungi.

“Nani kamwaga maji?”

Mjukuu akanitazama.

“Nilikuwa namwonyesha Panama,” nikasema.

“Baba, na mtungi umepanda bei.”