Jinsi nilivyowakutanisha gobi na kamba wake

Kamba wangu, Alpheus bellulus, yule mwenye gando la kulipua mlio kama risasi, alichimba upande wa kushoto wa tangi langu la samaki wa baharini. Gobi wa manjano, Cryptocentrus cinctus, samaki mdogo niliyetaka aishi naye shimo moja, akajibanza nyuma ya jiwe upande wa pili. Hawakukutana, na shimo lilibomoka kila mara.

Kiini kilikuwa mchanga: ule laini mtupu haushikani. Niliuchanganya na vipande vya matumbawe na makombe yaliyovunjika, kina kikafika sentimita 8 hivi. Mawe makubwa niliyakalisha juu ya kioo chenyewe cha chini ya tangi, maana kamba akichimba chini ya jiwe lililokaa mchangani, litamwangukia.

Kisha nikafukia nusu kipande cha bomba la plastiki karibu na gobi, nikamhamishia kamba humo taa zikiwa zimezimwa. Asubuhi walikuwa mlango mmoja! Kamba anasukuma changarawe nje, kipapasio kimoja kikimgusa gobi muda wote kwa kuwa kamba haoni vizuri. Gobi akitikisa mkia kumwonya, wote ndani. Sichoki kuwatazama.

Tangi lifunikwe kwa wavu. Gobi akishtuka huruka nje.