"Samahani kama nimekukwaza" ilivyonitia aibu mpaka nikanyooka

Mimi na mama watoto tuliachana 2019, na kwa karibu miaka miwili ukinikuta popote nilikuwa na hotuba yangu, kwamba ndoa aliiua yeye na kikoba chao, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Alichukua mkopo kimya kimya, wakaja kina mama watatu mlangoni kudai rejesho saa moja asubuhi mimi nimefunga taulo. Stori hiyo kijiweni iliwachekesha sana, na washkaji wakanishauri eti mwanaume hamuombi mwanamke msamaha, atakupanda kichwani. Wawili kati ya hao sa hivi wanapika wenyewe.

Alipotaka talaka ilibidi tuanzie baraza la usuluhishi la kata, si unajua Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuruhusu ukurupuke tu mahakamani. Nikaongea weeee. Mama mmoja mtu mzima pale akavua miwani akaniambia, "Mwanangu, ya mwenzio tumeyasikia. Sasa tupe ya kwako." Nikakosa hata moja. Tukapewa fomu namba 3, ile ya kuonyesha baraza limeshindwa kutupatanisha, mambo ya mahakamani siyaelezi, yaliisha.

Ila lile swali liliniuma, nikasema ngoja niwakomeshe kwa ushahidi. Nikachukua taarifa ya miamala ya M-Pesa ya miezi sita nikaenda kuiprinti steshenari, karatasi kibao, ikanitoka kama shilingi elfu nane hivi au kumi. Nikanunua na kalamu ya njano nipake kila hela niliyomtumia mke, ili mtu akileta mdomo namtandikia makaratasi. Jamani. Ukurasa wa kwanza njano mbili. Wa pili moja. Ila kampuni ya mikeka, yaani ya kubeti mechi, imejaa kila mstari, buku tano, buku kumi, kuna usiku mmoja nimeweka mara nne. Kijana wa steshenari akachungulia akasema, "Braza, hawa jamaa si uwaoe tu." Nikapiga hesabu: mikeka iliyochanika ilizidi matumizi ya nyumbani, tena kwa mbali. Na mkopo wa kikoba aliuchukua mwezi ambao ada ya mwanetu Neema nilisema "mambo magumu". Moyo ukaniingia baridi.

Nikamtumia meseji: "Samahani kama nimekukwaza." Akajibu neno moja, "Kama?" Nikakasirika siku tatu. Nikarekodi voisi ya dakika saba, nikaona hapa nimeua, bahati nzuri nikamsikilizisha dada yangu mkubwa kwanza. Akakaa anakunja vidole, mwisho akasema "lakini" zimefika kumi na moja, na baada ya kila lakini unamrudishia mwenzio kosa. Hapo ndo nikajua ujanja: unarekodi, unasikiliza mwenyewe, ukisikia lakini unafuta unaanza upya. Nilifuta mara tisa. Iliyobaki ilikuwa ya sekunde arobaini, nimetaja mikeka, nimetaja ile ada, nimetaja na jinsi nilivyomtangaza kijiweni, nikanyamaza. Kunyamaza ndo kazi kweli, ulimi unawasha.

(Kama mwenzio alikuwa anakupiga, haya hayakuhusu, usianze kutafuta ulimchokoza wapi. Nenda dawati la jinsia polisi.)

Hakujibu wiki nzima. Kisha akapiga yeye, akasema mkopo ule angeniambia, alikosea kunificha. Mimi sikumuuliza, na nakiri nilikuwa nimeusubiri huo msamaha miaka miwili, ulipokuja nikaishia kusema "haya, asante mama Neema" kama napokea chenji.

Hatujarudiana, ana mtu wake. Watoto wanakuja kwangu wikendi, ada tunagawana nusu kwa nusu na natuma tarehe mbili kabla mechi hazijanishika. Yale makaratasi ninayo bado juu ya kabati. Mama mkwe tu ndo hajalainika, simu akipokea yeye anaita, "Neema, yule wa mikeka anakutafuta!"