Siku moja maishani mwangu: mhamasishaji wa afya Chaani, Mombasa, msimu wa joto

Saa kumi na moja alfajiri naamka mgongo umelowa. Mabati yalikunywa jua mchana kutwa, usiku kucha yakatutemea. Ni Machi, kaskazi imekatika na kusi haijaingia, hata pazia halitikisiki. Kwa shangazi yangu Mji wa Kale kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, na vichochoro vina kivuli hadi adhuhuri. Sisi huku Changamwe tuna mabati na saruji.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Wengi hudhani kazi yetu ni kubisha hodi na kuuliza kama choo kina sabuni. Nina kaya zaidi ya mia moja na mkoba niliopewa tangu 2023: kipimajoto, mashine ya presha, ya sukari, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Naipenda kazi hii.

Saa moja na nusu hadi saa nne nimeingia nyumba kumi na moja. Harara kwa watoto wawili, mjamzito mwenye presha nimemwandikia rufaa, kichanga kimevikwa kofia ya sufi na shuka mbili, nimemvua.

Saa nne na nusu niko kwa bibi mwenye kisukari. Hana friji, na insulini huharibika ikikaa kwenye joto kali. Ameiweka ndani ya kimtungi cha udongo, kimezungushiwa kitambaa anachokilowesha kila baada ya sala. Hewa yetu ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi, kwa hiyo mtungi haupozi kama ungekuwa bara. Jasho nalo ni vivyo hivyo: linatiririka, halikauki, na mwili haupoi. Namkuta chupa iko sawa. "Mwanangu, hii nailea kama mtoto mchanga," ananiambia.

Saa saba simu ikalia. "Dakitari, njoo mbio, babu anasema maneno hayaeleweki."

Chumba ni cha mabati juu na ubavuni, dirisha hakuna. Mzee ni kuli, alikuwa akipakua lori tangu asubuhi. Nimemkuta chini ya blanketi zito. "Ana homa, dada," binti yake akaniambia, "nimempa panadol, namfunika atoe jasho." Kipimajoto kikasoma 40.6. Nikamuuliza jina lake, akanitajia mto wa kwao.

Nikavuta blanketi. Jirani mmoja, mtu mzima, akanishika mkono. "Malaria imempanda kichwani. Ukimmwagia maji mgonjwa wa homa unamuua." Nikamwambia, "Baba, malaria watapima hospitali. Huyu mwili umeshindwa kujipoza, na panadol haiwezi kumshusha." Hakuniachia. Wengine wakaanza kusema mzee ametupiwa jini. Nilipandisha sauti mbele ya watu wazima, jambo ambalo sikulelewa kulifanya, na sijutii. Kila dakika tunayobishana ubongo wake ulikuwa ukipikika.

Tukamtoa wanne, tukamlaza chini ya mkilifi. Mifereji ilikuwa mikavu tangu Jumanne. Kijana wa mkokoteni akashusha mitungi miwili ya lita 20 bila kuuliza pesa: "Chukua, tutahesabiana." Kanga yangu nikailowesha nikamtandazia kifuani, vitambaa vibichi shingoni, kwapani, kwenye kinena. Maji peke yake Mombasa hayatoshi, lazima upepo upite juu yake, basi wanawake wakapepea kwa sinia, kwa vipepeo vya jikoni, kwa kifuniko cha ndoo. Binti alikuja na soda, nikakataa. Mtu asiyejitambua ukimnywesha itapita njia ya mapafu.

Tuktuk mbili zilimwona zikaondoka. Ya tatu ikataka shilingi 400, tukachangishana pale pale. Barabara ya Magongo ilikuwa malori kwa malori, injini zinanguruma, lami inarudisha joto usoni, na mimi nakamua kitambaa juu ya kifua cha mzee, nakilowesha, nakamua tena, naomba Mungu dereva apate upenyo.

Sijui tulifika hospitali saa ngapi. Kipimajoto cha pale kilisoma 39.1. Muuguzi akatundika dripu, akaniambia, "Mmemuwahi." Nikakaa sakafuni ukutani, magoti yanatetemeka. Kichwa kilikuwa kikinigonga, nami maji ya mwisho nilikunywa asubuhi.

Kaya saba sikuzifikia leo.

Jioni nimefungua simu kujaza ripoti. Homa ipo, kuhara kupo, kikohozi kipo. Nimetafuta pa kuandika ugonjwa wa joto, sikupaona. Nikaandika homa, amepewa rufaa. Imeniuma, kwa sababu atakayehesabu ataona Chaani ina homa nyingi, hataona mabati, hataona mtu aliyebeba magunia juani bila maji. Pembeni, kwenye daftari langu, nimeandika kwa kalamu: joto, 40.6, saa saba, chumba hakina dirisha.

Usiku binti yake amepiga. Mzee amelitaja jina lake, ameulizia viatu vyake.

Kesho namlipa kijana wa mkokoteni, kisha nakwenda kwa mwenye nyumba. Ukuta ule ni mabati tu, fundi anaweza kuutoboa dirisha kabla ya saa nne.