Kibodi isiyo na waya iliyokuwa ikila betri

Ofisini kwetu Langoni, Lamu, hatua chache tu kutoka baharini, kibodi isiyo na waya ilikuwa ikikata katikati ya sentensi. Ukiitia betri mpya inaamka, kesho yake imezima tena. Binamu yangu akashikilia kwamba betri za dukani ni feki. Nikazipima kwa mita hizo zilizodaiwa kufa: volti 1.4. Betri ya alkali ikiwa mpya ni kama 1.5, kwa hiyo zilikuwa na uhai tele.

Nikamulika tochi ndani ya kijumba cha betri. Springi ya upande hasi ilikuwa na ukoko wa kijani na unga mweupe. Kijani ni kutu ya shaba, na hewa yetu ya chumvi huikuza upesi. Unga ni ute wa betri ya zamani iliyovuja, nao huunguza ngozi, usiushike mkono mtupu. Nikachovya pamba ya masikio katika siki, maana asidi ndiyo inayozima alkali. Ikatoa povu kidogo. Nikafuta kwa spiriti, nikasugua kwa msasa laini mpaka chuma kikang'aa.

Sasa natumia betri za kuchaji, zile za NiMH. Ni volti 1.2, basi kompyuta huwahi kulalamika kuwa chaji inaisha. Mimi huipuuza, kwani volti hiyo hubaki karibu palepale kwa muda mrefu, kisha hushuka ghafla chaji inapokaribia kwisha. Kipanya nacho kina swichi tumboni, jioni nakizima.