Kanzu ya Ijumaa kwa mkono mmoja

Mzee ninayemhudumia hapa Kibokoni alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukapooza. Kula anajilia, chai anajimiminia. Kilichomshinda ni kanzu. Kila Ijumaa alianza na mkono mzima, ule mlegevu ukagoma kuingia, jasho likamtoka, na adhana hiyo! Wanawe wakitaka kumvisha, anang'aka: "Mimi si mtoto!"

Dawa ilikuwa kugeuza mpangilio. Anakaa kwenye kiti chenye mikono, nyayo zimekanyaga sakafu. Kanzu inalazwa mapajani, mgongo juu, shingo ikielekea magotini, pindo limekusanywa tumboni. Mkono uliopooza ndio unatangulia: anauingiza kwa kusaidiwa na ule mzima, anavuta kitambaa kipite kiwiko mpaka begani. Penye kazi ni hapo kwenye kiwiko. Akiachia mapema, yote huporomoka. Kisha mkono wa kulia, mwisho kichwa. Kuvua ni kinyume, mkono mzima kwanza.

Fundi naye alipanua mikono ya kanzu na kuweka vifungo vya kubonyeza. Mimi nasimama upande wake dhaifu anapoinuka, basi. Wanawe wanalalamika anachelewa. Kweli, kwa hiyo sasa anaanza kuvaa mapema.