Mgagani ulionigomea

Mwishoni mwa Mei nilipukuchua mgagani uliokaukia nyuma ya nyumba hapa Dodoma, nikapata mbegu kikombe kizima cha chai. Kesho yake nikasia. Nimemwagilia wiki tatu, asubuhi na jioni, kilichoota ni mbigili.

Mama mkwe alipokuja kutoka Kondoa alilitazama tuta akacheka. "Mwanangu, umesia mbegu mbichi. Mgagani hausiwi mpaka ulale kwanza." Zake hukaa kwenye kibuyu kilichozibwa, anazitoa mvua za Desemba zikianza.

Niliona aibu, maana miaka tisa nafundisha wanafunzi kuota kwa mbegu. Ila nafundishia maharage, ambayo hayana kinyongo na mtu. Mbegu ya mgagani ikiota Mei inakutana na kiangazi cha miezi sita, kwa hiyo kulala ndiko kunakoiokoa.

Nikachukua visahani viwili, karatasi ya chooni iliyoloweshwa, mbegu 50 kila kimoja. Ni nyeusi, ndogo, zimejikunja kama konokono. Kimoja nikakiweka dirishani, kingine kabatini gizani. Juni: dirishani sifuri, kabatini 3. (Usiku wa Juni hapa una baridi, nayo ilichangia; mgagani unapenda joto la 30 mchana na 20 usiku.) Novemba nikarudia kwa mbegu zilezile za kikombe: dirishani 11, kabatini 38.

Kumbe mwanga nao unazizuia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal waliliandika hilo mwaka 2005. Saladi ni kinyume chake. Mwaka 1952, kule Beltsville, Marekani, mbegu za saladi aina ya Grand Rapids zilimulikwa kwa mwanga mwekundu zikaota. Zikimulikwa baadaye kwa ule mwekundu wa mbali, ambao jicho halioni vizuri, zinagoma. Watafiti wa Beltsville walirudia kwa zamu mara nyingi, na mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Ndiyo maana saladi siifukii, naiminya tu juu ya udongo, na mgagani naufunika.

Zile za dirishani sikuzitupa. Nilizihamishia kabatini, na kufikia Jumapili zilikuwa zimeota 9 zaidi. Nikampigia Mama simu kumweleza mambo ya giza na mwanga, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama maziwa ya kuupikia ninayo.